Pete ya Visima: Masharti ya Kupima Maji ya Ardhini, kutoka Migodi ya Urani hadi Merti

Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Garissa



Mada niliyopewa ina jina refu la kiofisi: kurekebisha masharti ya ufuatiliaji wa maji ya ardhini. Najua baadhi yenu mmekuja kwa subira tu, nami nawashukuru kwa subira hiyo. Nyuma ya jina hilo kuna jambo linaloeleweka na kila mtu humu. Serikali inapompa mtu kibali cha kugusa maji yaliyo chini ya ardhi, humwambia: utapima mahali fulani na fulani, mara kadhaa kwa mwaka, utaandika, utatuletea. Miaka inapita. Mtu yule anarudi na barua. Kupima kumekuwa ghali, anasema, na matokeo ni yale yale. Naomba mnipunguzie mzigo. Je, apunguziwe?

Mimi si katika wale wanaosema hapana papo hapo. Barua za namna hiyo nyingine zina haki. Ila barua moja huwa na maombi kadhaa yaliyofungwa pamoja, na hapo ndipo tunapopigwa chenga. Kuna ombi la kupima mara chache zaidi. Kuna ombi la kuacha baadhi ya visima. Kuna ombi la kubadili kinachopimwa. Na kuna ombi la kusogeza ule mstari ambao ukivukwa, kengele inalia. Ombi la kwanza laweza kukubaliwa bila mtu kudhurika. La mwisho laweza kuangamiza maji ya vizazi huku kila karatasi ofisini ikiwa safi.

Ili tuone tofauti hiyo, nitaanzia mbali, kwenye migodi ambayo hapa kwetu haipo. Nawaomba mnifuate, kwa sababu huko masharti ya kupima maji yameandikwa kwa ukali kuliko popote nilipopata kuyasoma, na huko pia yamelegezwa kwa ustadi kuliko popote.

Nazungumzia migodi ya kuyeyusha madini ardhini. Mgodi wa namna hiyo hauna shimo wala handaki. Kampuni inatafuta madini yaliyolala ndani ya tabaka la mchanga lenye maji, lililobanwa juu na chini na udongo wa mfinyanzi. Inachimba visima kwa safu. Baadhi ya visima vinaingiza chini maji yaliyotiwa oksijeni na magadi, au asidi. Vingine vinayavuta juu yakiwa yamebeba madini. Kiwandani madini yanachujwa, maji yanarudishwa chini, na mzunguko unaendelea. Chumvi huchimbwa kwa njia inayofanana na hiyo katika nchi nyingi, na kwa jirani zetu Ethiopia, potashi ya Danakil katika eneo la Afar imepangiwa njia hiyo. Lakini aliyenufaika nayo kuliko wote ni mchimba urani. Zaidi ya nusu ya urani ya dunia sasa hutolewa visimani, na Kazakhstan peke yake, inayotumia asidi, hutoa karibu asilimia 40 ya urani yote.

Angalieni hatari yake. Katika mgodi wa kawaida, maji ni jirani wa mgodi. Katika mgodi huu, tabaka la maji ndilo kiwanda chenyewe. Kinachomzuia jirani asinywe dawa ya kiwandani ni mwendo wa maji chini ya ardhi, ambao hauonekani kwa jicho la mtu yeyote.

Kwa hiyo mdhibiti anadai pete. Kuuzunguka uwanja wote wa visima vya kazi huchimbwa visima vya uangalizi, visivyoingiza wala kutoa kitu. Vinachimbwa vingine katika tabaka la juu na, inapobidi, la chini. Kampuni inatakiwa kuvuta maji mengi kidogo kuliko inayoingiza, asilimia moja hadi tatu hivi, ili maji ya nje yaelekee ndani na ya ndani yasitoroke. Na kabla tone la kwanza la dawa halijaingizwa, maji ya visima vya pete hupimwa mara kadhaa ili ijulikane yalikuwaje kwa asili yake. Kutokana na vipimo hivyo kinawekwa kikomo. Marekani, desturi ni kuchukua sampuli mara mbili kwa mwezi. Viashiria viwili vikivuka kikomo katika kisima kimoja, maji yamechepuka. Kampuni inatoa taarifa, inapima kila wiki, na inabadili mwendo wa pampu mpaka vipimo virudi chini.

Jambo lililonivutia zaidi katika utaratibu huu ni kwamba viashiria vyenyewe si urani. Mtu angedhani kinachoogopwa ndicho kinachopimwa. Sivyo. Urani ni mzito wa mwendo, hunasa kwenye mchanga njiani, na siku utakapoiona kwenye kisima cha pete utakuwa umechelewa miaka. Wanapima kloraidi, ambayo haishikwi na chochote na huenda kasi sawa na maji. Wanapima pia ugadi wa maji, na uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao hupanda kadiri chumvi zinavyoongezeka. Wamemchagua mjumbe anayefika kwanza.

Sasa, masharti haya hulegezwaje?

Njia ya kwanza ni ya halali kabisa. Bei ya urani ikianguka, kama ilivyoanguka baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011, kampuni husimamisha uchimbaji na kuweka visima katika hali ya kungoja. Hakuna dawa inayoingizwa. Kupima mara mbili kwa mwezi maji yasiyosukumwa na mtu ni kupoteza mafuta ya gari. Mdhibiti mwenye akili atasema: pimeni kwa nafasi zaidi, lakini pampu zenu za kuvuta maji ndani zisizimwe zote, na pete ibaki nzima. Hapo hakuna aliyeonewa.

Njia ya pili ni ile ya Texas. Mwaka 2009 Susan Hall, wa Shirika la Jiolojia la Marekani, alichapisha uchunguzi wa migodi ya urani ya kusini mwa Texas, upande wa pwani. Kampuni zilikuwa zimeahidi kuyarudisha maji katika hali ya awali baada ya kumaliza kazi. Katika kumbukumbu alizozipitia hakukuta uwanja hata mmoja ambamo kila kipimo kilirudi kilipokuwa. Alichokuta ni marekebisho ya masharti: kampuni iliomba kikomo kipandishwe kwa kipimo hiki na kile, na mdhibiti akakubali. Namba kwenye kibali ilifuata maji, badala ya maji kufuata namba. Haki ya upande wa pili nayo itajwe: maji ya mahali palipolala urani mara nyingi hayakuwa ya kunywa tangu mwanzo, na baadhi ya vipimo vilirudi vizuri. Lakini ahadi ilikuwa nyingine.

Mahali palipochafuka kweli kweli ni Stráž pod Ralskem, katika Jamhuri ya Cheki. Huko waliingiza asidi ya salfuriki ardhini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990, zaidi ya tani milioni 4 kwa jumla. Juu ya tabaka lile la urani kuna tabaka jingine la maji ya kunywa. Urani iliuzwa, dola iliyoiagiza ikafa, na kazi ya kuvuta uchafu ule ingali inaendelea kwa fedha za umma.

Karibu na kwetu kuna visa viwili. Mashariki mwa Namibia, eneo la Leonardville, kampuni tanzu ya Rosatom ya Urusi, Headspring, ilikuwa ikichimba visima vya utafiti ndani ya akwifa, yaani tabaka la maji, ya Stampriet, yenye maji yanayopanda yenyewe kwa msukumo na yanayofika hadi Botswana na Afrika Kusini. Ni nchi kavu, ya wafugaji, isiyo na mto wa kutegemea. Mwaka 2021 wizara ya maji ya Namibia iliifutia kampuni hiyo vibali vya visima kwa kosa la kutotimiza masharti yake. Napenda kukitaja kisa hicho kwa sababu wengi hudhani kibali cha maji ni karatasi ya kutundika ukutani. Kule kilifutwa, na mchimbaji ni kampuni ya dola kubwa.

Cha pili ni Tanzania, bonde la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa hifadhi ya Selous usogezwe ili eneo la urani litoke nje ya hifadhi. Leseni ya uchimbaji ikafuata mwaka 2013. Na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio. Mpango wa awali ulikuwa wa shimo la wazi. Baadaye likaja wazo la kuyeyusha urani ardhini kwa sehemu ya madini hayo, na wahifadhi wakataka athari zitathminiwe upya kwanza. Walikuwa na sababu. Ukibadili njia ya kuchimba, umebadili kinachoweza kuharibika, na visima vya uangalizi vilivyopangwa kwa ajili ya shimo havifai kulinda mchanga uliotiwa dawa.

Basi. Tuiache Namtumbo, turudi kwetu.

Garissa mjini tunakunywa Tana. Tana ina matope, ina mamba, na mwaka wa mafuriko inaingia vyumbani bila hodi, lakini inaonekana. Ukiiacha nyuma na kwenda Modogashe, Habaswein, Dadaab hadi Liboi mpakani, maisha yanategemea maji usiyoyaona. Akwifa ya Merti inaanzia upande wa Isiolo, inafuata njia ya Ewaso Ng'iro mpaka mto unapopotelea kwenye kinamasi cha Lorian, kisha inaendelea chini ya ardhi kupita Dadaab na kuingia Somalia. Kufika kwenye maji yake unachimba zaidi ya mita mia moja. Ramani kubwa ya maji ya eneo hili, ya watafiti Swarzenski na Mundorff, ilichapishwa mwaka 1977, na tangu wakati huo umbo la jambo lenyewe limejulikana: maji matamu yako katikati, kama ukanda mrefu mwembamba, na ubavuni kwake, kulia na kushoto, yako maji ya chumvi.

Maji mengi ya ukanda ule ni ya kale. Mvua yetu ni haba na jua letu halina huruma. Kidogo sana ndicho kinachofika chini, na hicho huja zaidi pale Ewaso Ng'iro inapofurika mpaka Lorian, kama wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Ndiyo maana watu wa chini walipinga kwa sauti kubwa mpango wa kujenga bwawa la Crocodile Jaws huko juu ya mto huo. Kipimo cha mto pale Archer's Post ni sehemu ya ufuatiliaji wa Merti sawasawa na kipimo cha kisima cha kambi ya Hagadera, ijapokuwa sijaona watu wa bwawa na watu wa visima wakiketi meza moja.

Kisha zikaja kambi za wakimbizi za Dadaab. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera mwaka 1992, kwa watu 90,000. Wakati wa njaa ya 2011 kambi zilipita watu 400,000, na visima takribani 30 vilikuwa vikivuta kutoka ukanda ule ule mwembamba. UNHCR na mashirika yaliyofanya kazi nayo walipima kina cha maji na chumvi yake kwa miaka mingi, na baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel cha Uswisi walisaidia kuweka vipimo vinavyojisomea vyenyewe visimani. Nasema bila kusita: kambi ya wakimbizi ilitupatia kumbukumbu ya maji ya ardhini ambayo miji yetu mingi ya Kenya haina.

Hatari iliyowakosesha wataalamu usingizi ni chumvi zaidi kuliko ukame wa visima. Ukivuta kwa nguvu katikati ya ukanda, maji ya ubavuni yanasogea ndani. Hakuna dawa iliyoingizwa, hakuna kampuni ya urani, lakini fizikia ni ile ile ya Texas na Kazakhstan. Maji mabaya yako upande mmoja, maji mema upande mwingine, na kati yao hakuna ukuta ila tofauti ya msukumo. Kwa hiyo nauliza: kwa nini mgodi wa urani udaiwe pete ya visima, na watu laki kadhaa wanaokunywa Merti wasiwe na pete?

Sheria yetu inadai kitu. Chini ya Sheria ya Maji ya 2002, na sasa ile ya 2016, huchimbi kisima bila idhini, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji hukuwekea masharti: mita kwenye bomba la kutoa, na bomba jembamba la kushushia kipimo cha kina. Masharti mazuri. Lakini yote mawili yanapima kisima kinachofanya kazi, yaani yanapima katikati ya ukanda, mahali ambapo chumvi itafika mwisho. Na si ajabu kwenda kisimani ukakuta mita imekufa na bomba lile jembamba limezibwa kwa jiwe.

Kwa hiyo nikiambiwa leo nirekebishe masharti ya Merti, nitaanza kwa kulegeza. Kina cha maji katika akwifa kubwa na ya kale kama hii hakibadiliki kwa wiki. Kumtuma afisa kwa Land Cruiser kila mwezi, kilomita mia mbili, akashushe utepe, ni gharama isiyo na faida. Kipimo kinachojisomea kitaandika kila saa, na afisa aende mara chache kukihakiki. Ila saa ya kuhakiki iandikwe kwenye sharti lenyewe. Zamani visima viliendeshwa kwa jenereta, na opareta alijua ni lini amepumzisha pampu. Sasa vingi ni vya sola, pampu inavuta jua linapowaka. Ukipima saa saba mchana unapima shimo ambalo pampu imelichimba ndani ya maji. Ukipima kabla ya alfajiri unapima maji yenyewe. Watu wawili waaminifu wanaweza kuleta namba mbili zinazopingana, na wote wakawa wamepima sawasawa. Nafikiri ugomvi mwingi juu ya kama maji yanashuka au hayashuki ungeisha kwa sentensi moja hiyo.

Baada ya kulegeza, nitakaza. Visima vya pembeni ndivyo pete yetu, na vipo tayari. Kila mtu anayelijua eneo hili anaweza kukuonyesha kisima kilichochimbwa kikatoa maji ya chumvi kikaachwa, au kilichokuwa kitamu kikageuka. Tunaviita visima vilivyoshindwa. Kwa mhandisi wa maji vimeshindwa. Kwa mlinzi wa akwifa hakuna kitu bora zaidi. Ni visima vya uangalizi ambavyo mtu mwingine amekwisha kuvilipia, vimekaa mpakani hasa pa maji matamu na maji ya chumvi. Visiachwe wazi, maana kisima wazi ni njia ya uchafu na ni mtego kwa mtoto na mbuzi. Viwekewe kifuniko cha chuma na kufuli, vipewe namba, na vipimwe. Mwenye kibali akija kuomba visima vya pembeni viondolewe kwenye orodha kwa kuwa "havitoi maji," ajue anaomba kuondolewa macho.

Kuhusu cha kupima, kloraidi na upitishaji umeme vinatosha kwa kazi ya kila siku. Kifaa cha kupima upitishaji umeme kinaingia mfukoni, na kijana aliyemaliza kidato cha nne atakitumia baada ya mafunzo ya asubuhi moja. Floraidi ina nafasi yake, kwani Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na sehemu kubwa ya Kenya inakivuka. Nitrati nayo ni lazima Wajir mjini, ambako visima ni vifupi ndani ya chokaa na ambako watu walitumia vyoo vya ndoo kwa miongo mingi kwa kuogopa mashimo ya choo yasiingie kwenye maji ya kunywa. Hivyo vipimwe maabara kwa nafasi. Vilevile ningeandika kwenye kibali kwamba malalamiko ya ladha yapokelewe na yaandikwe. Mama anayepika chai na mchungaji anayeona ngamia wakinywa na ng'ombe wakigeuza vichwa wamepima kabla ya afisa kufika. Malalamiko matatu ya kisima kimoja katika mwezi mmoja, sampuli ichukuliwe. Haigharimu kitu kuliandika hilo.

Nimebakisha mstari wa kengele, na hapa nawaomba muwe macho kama mnavyohesabu mifugo jioni. Tuseme kisima kinaanza na upitishaji umeme wa 1,000. Mwenye kibali anapendekeza sharti lenye sura ya kiungwana: kengele ilie ikiwa kipimo cha mwaka huu kitazidi cha mwaka jana kwa asilimia 10. Maji yanapanda asilimia 8 kila mwaka. Mwaka wa kwanza kengele haikulia. Mwaka wa pili haikulia. Haitalia kamwe. Baada ya miaka 10 kisima kile kiko 2,159, zaidi ya mara mbili, na faili lote halina kosa hata moja. Badala yake, kikomo kifungwe kwenye kipimo cha kabla, kile cha mwanzo, na kipimo hicho kisibadilishwe kwa barua. Kikibadilishwa, kibadilishwe mbele ya watu, baada ya tangazo, kwa sababu zilizoandikwa, na kile cha zamani kibaki kwenye ukurasa ule ule pembeni ya kipya.

Kipimo cha kabla kina thamani ambayo huonekana pale kinapokosekana. Wakazi wa Kargi, Marsabit, wamebishana kwa miaka mingi kama uchimbaji wa kutafuta mafuta wa miaka ya 1980 uliharibu maji yao. Sitaamua kesi hiyo kutoka jukwaani. Najua tu kwamba katika mabishano ya namna hiyo, karatasi moja ya maabara ya kabla ya mashine kufika ingekuwa na uzito kuliko mashahidi mia moja, kwa upande wowote ule.

Habaswein walilielewa jambo hili bila mhadhara. Ulipokuja mpango wa kuvuta maji ya Merti kutoka kwao na kuyapeleka kwa bomba hadi Wajir mjini, zaidi ya kilomita mia moja, wakazi walipinga. Wajir wana shida ya kweli, na mtu asiwabeze. Watafiti wa Kituo cha Kilimo Mseto Duniani kilichoko Nairobi walichapisha tathmini ya mradi huo mwaka 2015, na uzuri wa kazi yao ni kwamba hawakutoa namba moja ya faida. Walionyesha ukubwa wa shaka kwa kila upande, Wajir, Habaswein, na wa mbali zaidi chini ya akwifa. Wahandisi walijibu hofu za wakazi kwa kusema maji yatafuatiliwa. Jibu hilo lina pengo. Kufuatiliwa na nani, na akikuta chumvi imesogea, ana mamlaka ya kuizima pampu ambayo mji mzima unaitegemea? Kwenye mgodi wa urani, mchepuko una hatua zilizoandikwa kabla haujatokea: siku ngapi za kutoa taarifa, nini kipunguzwe, lini kazi isimame. Kibali cha maji cha bomba kubwa kinapaswa kusema vivyo hivyo: chumvi ikifika hapa, saa za kuvuta zinapungua kwa kiasi hiki; ikifika pale, kisima hiki kinafungwa na mji unapewa maji kutoka mahali fulani. Mahali hapo pawe pamejengwa kabla, kwa sababu hakuna mwanasiasa atakayefunga kisima cha Wajir mwezi wa tisa wa ukame kwa ajili ya namba kwenye daftari.

Kuna marekebisho ya masharti yanayokuja ambayo hayakuombwa kwa barua ya mtu yeyote. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji watahudumiwa pamoja. Huduma za maji zitatoka polepole mikononi mwa mashirika ya misaada na kuingia mikononi mwa kaunti, na fedha za misaada zinapungua wakati huo huo. Watu watakabidhiana pampu, matangi, sola, magari na mabomba; kila kimoja kitahesabiwa na kutiwa saini. Vipimo vya miaka thelathini na zaidi havina namba ya mali. Viko kwenye kompyuta za watu ambao mikataba yao inaisha, na ofisi ya Bonde la Ewaso Ng'iro Kaskazini ya Mamlaka iko Nanyuki, mbali sana na Liboi.

Ombi langu kwa waheshimiwa wa kaunti walioketi mbele ni dogo. Orodha ya makabidhiano iwe na mstari wa vipimo: kila kisima, kipimo chake cha kwanza, vyote vilivyofuata, na visima vya pembeni vilivyoachwa, mahali vilipo na kina chake. Nakala moja ikae Nanyuki, moja kaunti, moja katika chuo hapa mjini ambako wanafunzi wataisoma na kuikosoa, na moja kwa chama cha watumiaji maji. Wajir na Isiolo wapewe zao, kwani ukanda ni mmoja. Wa upande wa pili wa mpaka nao wapewe, siku watakapokuwa na ofisi ya kuipokea.

Nimesikia tuna wageni kutoka Habaswein. Ningependa maswali yaanze kwao.